Jipime: Nadharia za Makuzi ya Mtoto na Mbinu za Utafiti, kwa Mifano ya Njombe na Makambako

Utangulizi

Mwanafunzi wa uuguzi au wa utabibu anaweza kuzitaja hatua nne za Piaget bila kukwama, akaeleza tofauti kati ya utafiti wa kufuatilia na utafiti wa wakati mmoja, akapata alama nzuri katika mtihani, kisha akasimama mbele ya mtoto kliniki asijue la kuuliza. Mtihani wa namna hiyo umepima kumbukumbu yake. Uelewa hupimwa pale maarifa yanapotakiwa kuamua jambo: mtoto huyu arudi lini, apelekwe wapi, na nini kiandikwe kwenye kadi yake.

Somo hili ni zoezi la kujipima. Limeandikwa kwa ajili ya wanafunzi na wahudumu wa afya, lakini mzazi au mlezi naye ataweza kulifuata, kwa kuwa mtoto anayezungumzwa ni wake. Mifano tumeichukua Njombe na Makambako kwa sababu iliyo wazi. Mkoa wa Njombe, uliotengwa na Mkoa wa Iringa mwaka 2012, unalima mahindi, viazi mviringo, chai na parachichi, na maziwa yanapatikana. Hata hivyo, utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto na viashiria vya malaria wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa takriban asilimia 50 ya watoto wa mkoa huo walio chini ya miaka 5 wamedumaa, wakati wastani wa taifa ulikuwa asilimia 30. Mhudumu anayefanya kazi huko hukutana na suala la makuzi ya mtoto karibu kila siku ya kliniki.

Soma kisa kifuatacho, jibu kila swali kwa maandishi kabla ya kusoma maelezo yake, kisha jisahihishe.

Kisa cha zoezi

Kisa hiki kimetungwa kwa ajili ya kufundishia. Mtoto wa kike wa miezi 16 ameletwa kliniki ya mama na mtoto huko Makambako na bibi yake mzaa mama. Mama yake anafanya kazi Njombe mjini na hurudi nyumbani mwisho wa wiki. Ni mwezi Julai na baridi ni kali. Mtoto amevikwa sweta mbili na amebebwa mgongoni kwa mbeleko. Anasimama akishika kiti, lakini hajatembea peke yake. Husema neno moja tu linaloeleweka. Muuguzi alipomchukua alilia sana, akamng'ang'ania bibi. Urefu wake kwa umri, kama ulivyosomwa siku hiyo, uko chini ya mstari wa hasi 2 kwenye chati ya ukuaji.

Mwanafunzi aliyekuwa zamu aliandika hivi: "Amedumaa. Amechelewa kiakili. Hana mfungamano na mama."

Sentensi hizo tatu ni fupi, nazo zitamfuata mtoto huyu kila mahali kadi yake itakapofunguliwa. Tuzipime.

Swali la 1. Kabla ya kuandika "amedumaa", ni mambo gani matatu yahakikishwe?

Udumavu una maana mahususi: urefu wa mtoto kulingana na umri wake uwe chini ya alama hasi 2 za mkengeuko sanifu katika viwango vya Shirika la Afya Duniani. Kwa hiyo kosa lolote katika umri au katika urefu huzaa kosa katika jina tunalompa mtoto.

Jambo la kwanza ni umri. Umri hukokotolewa kutoka tarehe ya kuzaliwa iliyo kwenye kadi, wala haukisiwi kwa kumtazama mtoto. Mtoto wa miezi 13 akiandikwa miezi 16 ataonekana mfupi bila kuwa mfupi. Kama alizaliwa kabla ya wakati, hilo nalo lizingatiwe.

La pili ni namna ya kupima. Mtoto wa chini ya miaka 2 hupimwa akiwa amelala kwenye ubao wa kupimia, miguu imenyooshwa, kichwa kimegusa mwisho wa ubao. Akipimwa akiwa amesimama, sentimita 0.7 huongezwa ili kupata urefu wa kulala. Kofia ya sufi, viatu na nywele zilizosukwa juu ya kichwa huharibu kipimo cha urefu. Sweta mbili huharibu kipimo cha uzito. Baridi ya Njombe humfanya mhudumu amwonee mtoto huruma na kumpima na nguo zake. Afadhali chumba kifungwe madirisha, mtoto avuliwe haraka, apimwe na kuvikwa tena.

La tatu ni kurudia. Watu wawili wapime, au mtu mmoja apime mara mbili, na majibu yalinganishwe. Hapa ndipo maneno mawili ya mbinu za utafiti yanapopata uhai. Uthabiti ni kipimo kutoa jibu lilelile kinaporudiwa. Uhalali ni kipimo kupima kile kilichokusudiwa. Mizani inayozidisha nusu kilo kila mara ina uthabiti lakini haina uhalali.

Swali la 2. Ana miezi 16 na hatembei. Je, amechelewa?

Jibu sahihi ni kwamba kwa taarifa hii pekee hatuwezi kusema amechelewa. Shirika la Afya Duniani liliendesha utafiti mkubwa wa viwango vya ukuaji kati ya mwaka 1997 na 2003, na miongoni mwa nchi zilizoshiriki zilikuwemo Ghana, India na Oman. Watoto wenye afya walionekana kuanza kutembea peke yao katika kipindi kirefu, kuanzia miezi 8.2 hadi miezi 17.6. Kukaa bila kushikwa kulianza kati ya miezi 3.8 na 9.2. Asilimia chache ya watoto hawakutambaa kabisa kwa mikono na magoti, na walitembea vizuri. Mtoto wetu angali ndani ya dirisha, ingawa amekaribia ukingo wake. Arudi akiwa na miezi 18, au mapema zaidi kama kuna jambo jingine linalotia shaka.

Swali hili lina sehemu ya pili: kwa nini watoto hutofautiana? Nadharia ya zamani ya ukomavu ilisema mwili hujifungua wenyewe kwa ratiba yake. Mwanasaikolojia Charles Super alifanya utafiti miongoni mwa Wakipsigis wa Kokwet, nchini Kenya, na kuchapisha matokeo mwaka 1976. Aliona watoto wao wakikaa na kutembea mapema kuliko watoto wa Marekani kwa takriban mwezi mmoja. Alipochunguza zaidi aligundua kuwa wazazi huwafundisha watoto kukaa na kutembea kwa makusudi, na hata lugha yao ina maneno maalumu ya mafunzo hayo. Kwa stadi ambazo hawakuzifundisha, watoto hao hawakuwa mbele. Dai la muda mrefu kwamba "mtoto wa Kiafrika huwahi" likapata maelezo bora: mtoto huwahi katika kile anachopewa nafasi ya kukifanya.

Kwa hiyo mwulize bibi: "Bibi, mjukuu anashinda wapi mchana? Anapata muda wa kuwekwa chini akacheza?" Katika miezi ya baridi mtoto anaweza kushinda mgongoni au karibu na jiko. Usidhani kwamba ndivyo ilivyo, uliza. Kuhusu maneno, mtoto mwenye neno moja katika miezi 16 anahitaji kuchunguzwa masikio na kuulizwa historia yake: anageuka akiitwa? Anaelekeza kidole kwenye kitu anachokitaka? Amewahi kuugua masikio? Na neno hilo moja, je, ni la Kiswahili au la Kibena? Mtoto anayelelewa na bibi huenda ana maneno ambayo mhudumu hayafahamu.

Swali la 3. Kulia na kumng'ang'ania bibi kunatuambia nini kuhusu mfungamano?

Mwanafunzi wetu amekumbuka neno la John Bowlby akasahau maana yake. Mfungamano ni uhusiano wa kihisia unaomfanya mtoto amkimbilie mtu fulani anapoogopa, na kutoka kwake apate ujasiri wa kuichunguza dunia. Mtoto wa miezi 16 anayemlilia bibi akishikwa na mtu asiyemfahamu anaonyesha kwamba mfungamano upo. Swali la kuuliza ni kama hutulia anaporudishwa mikononi mwa bibi.

Somo hili lina mizizi Afrika Mashariki. Mary Ainsworth, aliyefanya kazi na Bowlby, aliishi Uganda katikati ya miaka ya 1950 na kuwatembelea nyumbani watoto wachanga katika familia 26 za Baganda, takriban kila baada ya wiki mbili kwa miezi kadhaa. Kitabu chake juu ya utafiti huo kilitoka mwaka 1967. Jambo moja aliloliona linamhusu kila muuguzi: mama waliomweleza mambo mengi na ya kina kuhusu watoto wao, bila kusukumwa, mara nyingi ndio waliokuwa na watoto wenye mfungamano salama. Mlezi anayemfahamu mtoto wake ni chanzo cha taarifa kilicho bora kuliko dakika tano za kliniki. Tumsikilize.

Baadaye, huko Baltimore, Ainsworth alibuni jaribio la chumba ambamo mtoto huachwa kwa muda mfupi na mgeni. Jaribio hilo limetumika sana, lakini lina sharti lake. Mtoto ambaye tangu kuzaliwa hajawahi kuachwa peke yake hata dakika moja atapata hofu kubwa kuliko iliyokusudiwa, na kilio chake kitasomwa vibaya. Chombo cha kupimia kikihamishwa kutoka mahali pamoja hadi pengine, uhalali wake huthibitishwa upya. Ndiyo maana vipo vipimo vya maendeleo ya mtoto vilivyotengenezwa au kurekebishwa katika ukanda wetu, kama vile kile cha Malawi na kile cha Kilifi nchini Kenya.

Kuhusu mama: mama anayefanya kazi mbali na kurudi mwisho wa wiki hajakata mfungamano. Mtoto anaweza kufungamana na watu zaidi ya mmoja. Katika mkoa ambao utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 hadi 2023 ulikuta asilimia 12.7 ya watu wazima wanaishi na virusi vya UKIMWI, kiwango cha juu kuliko mikoa mingine, malezi ya bibi yanastahili heshima na msaada kutoka kwetu.

Swali la 4. Kaka yake wa miaka 5 aliyefuatana nao alipimwa kwa maji na bilauri. Je, ana tatizo?

Mwanafunzi alimimina maji kutoka bilauri pana hadi bilauri nyembamba ndefu, akamwuliza mtoto kama maji ni yaleyale au yameongezeka. Mtoto akasema yameongezeka. Mwanafunzi akaandika kuwa uelewa wake ni duni.

Kwa mujibu wa Piaget, mtoto wa miaka 2 hadi 7 yumo katika hatua ambayo jicho humshinda hoja. Huona kimo cha maji na kusahau upana wa chombo. Kutambua kwamba kiasi hakibadiliki huanza kujitokeza karibu na miaka 6 au 7. Jibu la mtoto wa miaka 5 ni la kawaida kwa umri wake.

Lakini mwanafunzi makini atahoji kipimo chenyewe pia. Mwaka 1974 Susan Rose na Marion Blank walionyesha kuwa watoto hujibu vizuri zaidi wakiulizwa mara moja, baada ya mabadiliko kufanyika, kuliko wakiulizwa kabla na baada. Mtoto akiulizwa jambo lilelile mara mbili na mtu mzima hudhani jibu la kwanza lilikuwa kosa. Mtoto aliyefunzwa kuwaheshimu wakubwa ana sababu zaidi ya kulibadilisha jibu lake. Ongeza kwamba huenda aliulizwa kwa Kiswahili cha kitabuni, na mwulizaji amevaa koti jeupe.

Vygotsky angeuliza swali jingine: mtoto huyu anaweza kufanya nini akisaidiwa? Umbali kati ya anachokiweza peke yake na anachokiweza akiongozwa ndipo kujifunza kunapotokea. Mpe mtoto huyo vikombe viwili, mwache amimine mwenyewe na kurudisha, zungumza naye. Utajua mengi zaidi juu ya akili yake.

Swali la 5. Mwaka 2015 hadi 2016 udumavu Njombe ulikuwa asilimia 49. Mwaka 2022, asilimia 50. Je, umeongezeka?

Tafiti hizi ni za wakati mmoja. Kila moja ilichagua sampuli ya kaya na kuwapima watoto waliokuwemo wakati huo. Waliopimwa mara ya pili si walewale wa mara ya kwanza. Sampuli ya mkoa mmoja ni ndogo, na tofauti ya asilimia 1 iko ndani ya kosa la kawaida la usampulishaji. Tunachoweza kusema kwa uhakika ni kwamba hakuna dalili ya kupungua, wakati wastani wa taifa ulishuka kutoka asilimia 34 hadi 30.

Je, mwanafunzi angeweza kupata takwimu ya mkoa kwa kupima watoto wote waliofika kliniki Makambako siku moja? Hapana, kwa kuwa wanaofika kliniki wanatofautiana na wasiofika. Je, afuatilie watoto hao kwa miaka 2? Huo ni utafiti wa kufuatilia, nao huonyesha jambo ambalo utafiti wa wakati mmoja hauwezi kulionyesha: kipi kilitangulia. Lakini Makambako ni njia panda. Barabara kuu iendayo Zambia hukutana hapo na barabara ya Njombe na Songea, na reli ya TAZARA hupita. Familia iliyopimwa Juni inaweza kuwa imehama ifikapo Desemba. Wakihama zaidi wale wenye hali ngumu, waliobaki watatuonyesha picha nzuri kuliko ukweli. Mpango wa utafiti ueleze mapema namna ya kuwatafuta waliohama.

Kuna mtego mwingine hapa. Mkoa wenye chakula kingi una udumavu mwingi. Wapo wanaohitimisha kwamba wazazi wa Njombe ni wavivu wa kulisha. Takwimu ya mkoa haielezi kilichomo katika chungu cha kaya moja. Mahindi mengi shambani hayamaanishi mlo wenye maharage, mboga, mayai na matunda mezani. Wala hayatuelezi mama alipata lishe gani alipokuwa mjamzito, mtoto aliugua kuhara mara ngapi, au nani alimlisha wakati wa kilimo. Kila moja ya hayo huweza kuvuruga uhusiano tunaodhani tumeuona.

Swali la 6. Ungepangaje utafiti wa kujua kama lishe na michezo huwasaidia watoto waliodumaa?

Mfano wa kujifunzia unatoka Kingston, Jamaika. Sally Grantham-McGregor na wenzake waliwachukua watoto 129 waliodumaa, wenye umri wa miezi 9 hadi 24, wakawagawa kwa bahati nasibu katika makundi manne: waliopewa nyongeza ya maziwa, waliotembelewa nyumbani kila wiki na mhudumu wa jamii aliyemwonyesha mama namna ya kucheza na mtoto, waliopata vyote viwili, na ambao hawakupata hata kimoja. Baada ya miaka 2, kama ilivyochapishwa mwaka 1991, maziwa yalisaidia maendeleo ya mtoto, michezo ilisaidia, na vyote pamoja vilisaidia zaidi. Miaka 20 baadaye walipatikana 105 kati yao. Waliotembelewa kwa ajili ya michezo walikuwa wakipata kipato kilichozidi kwa asilimia 25 kile cha wasiotembelewa.

Kugawa kwa bahati nasibu ndiko kunakoondoa hoja kwamba wazazi wenye bidii ndio waliojichagua. Ukitaka kufanya hivyo katika vijiji vya Njombe, fikiri kuhusu majirani: mama aliyefundishwa mchezo atamfundisha shoga yake. Huenda ukalazimika kugawa vijiji badala ya kaya. Lazima upate kibali cha maadili, ikiwemo ridhaa ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, na ridhaa ya mzazi aliyeelezwa kwa lugha anayoielewa kwamba anaweza kukataa bila kunyimwa huduma. Mtoto aliye katika kundi la kulinganishia akiugua, atibiwe mara moja.

Utafiti wa Kingston unaijibu pia sentensi ya pili ya mwanafunzi wetu. Kwa wastani, watoto waliodumaa hupata alama za chini katika vipimo vya uelewa. Wastani wa kundi hauwezi kuhukumu hatima ya mtoto mmoja, na watoto wa Kingston walionyesha kuwa njia inaweza kugeuzwa.

Namna ya kujisahihisha

Usihesabu majina ya wanazuoni uliyoyataja. Kwa kila jibu jiulize: nimesema ninachokijua na nilivyokijua? Nimetenganisha nilichokiona na nilichokikisia? Nimetaja taarifa gani ingebadilisha uamuzi wangu? Jibu linalotimiza hayo matatu limefaulu hata kama umesahau mwaka. Lisilotimiza halijafaulu hata kama umeandika kurasa mbili.

Kwa mzazi na mlezi

Serikali ilizindua mwaka 2021 programu ya taifa ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto, inayosimama juu ya mambo matano: afya bora, lishe ya kutosha, malezi yenye mwitikio, ujifunzaji wa awali, na ulinzi na usalama. Nyumbani, hayo huanza kwa mambo madogo. Ongea na mtoto unapomvisha au unapopika, kwa lugha unayoimudu. Mpe vitu salama vya kushika: vikombe vya plastiki, vifuniko, kitambaa cha kufichia uso. Mweke chini juu ya mkeka kila siku. Changanya mlo wake.

Usisubiri tarehe ya kliniki ukiona mojawapo ya haya: mtoto ameacha kufanya jambo alilokwisha kuliweza, hageuki asikiapo sauti, amepita miezi 9 hajaweza kukaa, amefika miezi 18 hatembei au hana neno lolote. Ukiambiwa "atatembea tu" pasipo kupimwa, una haki ya kuomba apimwe.

Kazi ya mwisho

Rudi kwenye sentensi tatu za mwanafunzi. Ziandike upya zisizidi nne, zikieleza kilichoonekana, kisichojulikana bado, tarehe ya kurudi na alichoshauriwa bibi. Kisha mpe mwenzako kadi hiyo aisome bila wewe kuwepo. Akiweza kuendelea na mtoto pale ulipoishia, umeelewa somo.